Sauti Zilizopita Kifuani mwa Namkunda

Tik. Tik-tik. Tik.

Mlio ulimfikia Mavura kabla ya kitu kingine chochote. Ukungu ulikuwa umeufunika mgongo wa mlima wa Ngoreni, mweupe na mzito kama uji, naye alipanda akipapasa mawe kwa mikono. Hakuona nyumba wala mgomba. Alisikia tu mlio ule mdogo, mkavu, kama mtu anayechagua maharage bakulini, akaufuata mpaka ukawa karibu na magoti yake.

"Ukipiga hatua nyingine utanikanyaga, mume wangu," sauti ya kizee ikasema kutoka chini.

Bibi Namkunda alikuwa ameketi mlangoni kwake juu ya jiwe kuukuu la kusagia, blanketi mabegani. Kifuani alivaa nyuzi tatu za shanga nzito, na shanga hizo zilikuwa zikigongana zenyewe bila kuguswa. Kila ushanga ulipodaka sauti ya mtu na kuirusha mbele, ulitetemeka. Kwa hiyo bibi huyu hakupata kuwa kimya hata usingizini, ingawa hakuwa na wa kuongea naye.

Mavura alitua mkoba wake wa ufundi, akamwamkia. Namkunda aliitikia marahaba kisha akamuuliza kama amekuja kumtazama yeye au kutazama shanga. Mavura akasema vyote viwili.

"Mwongo," bibi akasema. "Lakini mume mwongo ni afadhali kuliko kitanda kitupu. Kaa."

Jana, kabla ukungu haujashuka, bibi alikuwa ametundika kanga nyekundu juu ya jiwe kubwa lililo ukingoni mwa mgongo, mahali panapoonekana kutoka Irindi, kijijini kwa Mavura. Hakuwa na njia nyingine ya kumwita mtu. Ajabu hiyo, ya mbeba sauti asiye na sauti, Mavura aliijua vizuri kuliko wote, maana yeye ndiye fundi wa shanga wa upande huu wa milima, na alipoiona kanga ile ikipepea alihisi uso wake ukiwaka, kama mtu aliyetukanwa sokoni akakosa jibu.

Zamani walijaribu nguzo za simu. Nyaya zikaibwa. Paneli za jua nazo zikafa njaa ndani ya ukungu. Ndipo Shirika la simu likaleta shanga zinazokula joto la mwili na mapigo ya damu, maana nyaya huibwa na betri huchoka, lakini mtu akila makande jioni, asubuhi ana moto. Kila mwanakijiji akavaa uzi mmoja shingoni. Sauti ikaruka kutoka shingo hadi shingo, kutoka shamba la tangawizi hadi shamba la migomba, ikashuka mpaka kwenye mnara wa mjini kule tambarare. Mama aliyekuwa akisubiri barua mwaka mzima akasikia mwanawe akikohoa huko aliko.

Lakini kati ya Irindi na Mzambwe palikuwa na mgongo huu mrefu, na mgongoni nyumba moja, na nyumbani mtu mmoja. Mzambwe isingemsikia mtu yeyote duniani isipokuwa kupitia kwake. Wakamvisha nyuzi tatu badala ya mmoja, wakamwita Daraja. Na kwa kuwa mzigo wa vijiji viwili ni mkubwa, wahandisi walizifunga shanga zake zisimpe yeye nafasi: hasikii kinachopita, wala hawezi kusema kitu kikapita. Anahisi joto tu. Shanga za kijani zikipata moto, watu wanaongea. Ushanga mwekundu ukipata moto, zahanati ya Mzambwe inamtafuta daktari wa mjini.

"Wananitaja?" Namkunda aliuliza. Kila mara alikuwa akiuliza hivyo.

"Wanakusalimu sana."

Bibi alimtazama, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha akamweleza kilichomfanya atundike kanga. Mwanamke mmoja aliyepita na mzigo wa tangawizi alikuwa amemwambia kwamba Nakijwa, mdogo wake wa tumbo moja aliyeolewa Mzambwe, ameacha kula, na sasa hata maji hayamezi. Namkunda hakutaka mengi. Alitaka kushuka Mzambwe amshike mkono. Kuanzia mlango huu hadi kwa Nakijwa ni mteremko tu. Mtu akipika chai huku, anaweza kwenda kule na kurudi akaikuta ina uvuguvugu. Ila akilipita lile jiwe la ukingoni, Mzambwe inazimika.

"Ungekuja kikaoni juzi ukasema," Mavura alisema, kisha akajuta hapo hapo.

"Kikao mlifanya kwa shanga, mjukuu wangu. Mimi nilikuwa nimekibeba."

Ni kweli. Na kwa desturi ya huku, asiyesema kikaoni amekubali.

Mavura alifungua mkoba, akamwonyesha kifaa cha kulegeza vifungo. Katika kikao kile cha juzi alikuwa amesimama mbele ya watu wa Irindi, wa Mzambwe wakisikiliza kwa shanga, akadai wapangiane zamu za kukaa mgongoni, kama walivyopangiana enzi za kulinda mahindi dhidi ya ngedere. Walicheka. Nani apande huko akawe kiziwi na bubu, wakati bibi yupo na hajalalamika? Mmoja akamtania kwamba kijana mwenye maneno mengi kama yeye angepasuka akinyimwa kusema hata nusu siku. Damu ikampanda kichwani Mavura, akawaambia wakae na vicheko vyao, atakwenda mwenyewe.

"Nitazivaa mimi," alimwambia Namkunda sasa. "Zitahitaji kuuzoea mwili wangu. Mpaka jua lifike utosini vijiji havitasikilizana, kisha zitashika. Wewe nenda kwa mdogo wako."

Macho ya bibi yalijaa maji. Akainua mikono shingoni, akaanza kutafuta kifungo. Mkono ukasimama njiani.

"Mwekundu umepata moto," alisema.

*

Mavura alikuwa na kipande cha kusikilizia sikioni, na kama fundi aliweza kufungua mkondo wowote. Akaufungua wa zahanati.

Aliyekuwa akijifungua ni Nanzia, binti wa Mzee Mshighati, mwenyekiti wa Irindi. Alikuwa ameolewa Mzambwe, na hii ilikuwa mimba yake ya kwanza. Muuguzi alikuwa peke yake. Alikuwa akimweleza daktari wa mjini kwamba mtoto amegeuka vibaya, na daktari alikuwa akimjibu taratibu, akimwambia aweke mkono wapi, asivute, angoje. Kila neno la daktari lilipanda kutoka Irindi, likapita kifuani mwa Namkunda, likashuka Mzambwe. Kila jibu la muuguzi lilirudi njia hiyo hiyo.

Mavura alimweleza bibi yote aliyoyasikia.

Namkunda alishusha mikono. "Basi tungoje. Mtoto haambiwi rudi ndani."

Wakaingia jikoni, bibi akachochea moto ili kifua kipate joto. Alifanya hivyo kila ushanga mwekundu ulipoamka, bila kuagizwa na mtu. Juu ya moshi, kwenye boriti, lilining'inia baragumu la pembe ya tandala, jeusi kwa masizi. Lilikuwa la baba yake. Yeye ndiye aliyejenga nyumba hapa, si kwa kuwa alichukia watu, bali kwa kuwa hapa tu ndipo pumzi ya mtu mmoja husikika Irindi na Mzambwe kwa pamoja. Aliita watu kwenye msaragambo, kila nyumba itoe mtu wa kuchimba mfereji au kutengeneza njia. Aliita watu kwenye misiba. Namkunda alisema kwamba akiwa mtoto alijua kabla ya wote nani amefariki, kwa sababu baba alikuwa akimwambia kwanza yeye na Nakijwa, kwa mdomo, ndipo atoke nje na pembe.

"Nakijwa alikuwa akiziba masikio," alisema. "Mimi nilikuwa nikimwambia, ukiziba, aliyekufa atajuaje kwamba umesikia?"

Akacheka kidogo. Mavura akacheka naye. Nje ukungu haukuwa umesogea.

Ndipo shanga zote za kijani zikalia kwa mpigo, tik-tik-tik-tik, kama mvua ya mawe juu ya bati.

*

Tangazo lilitoka Mzambwe. Liliingia sikioni mwa Mavura katika sauti ya kijana fulani aliyesoma haraka haraka, kama anayetangaza bei ya tangawizi. Familia inasikitika kutangaza kifo cha Bibi Nakijwa. Amefariki asubuhi hii. Mwili utaoshwa mchana. Habari ziwafikie ndugu wa Irindi na wa mjini.

Likajirudia mara ya pili, kama ilivyopangwa.

"Zimelia zote," Namkunda alisema. Alikuwa ameweka kiganja juu ya kifua, akijaribu kuzipoza. "Wanasema nini?"

Mavura alifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, mkondo mwingine ukafunguka sikioni mwake. Alikuwa Mzee Mshighati. Mzee hakufoka. Sauti yake ilikuwa ikitetemeka kama ya mtu aliyesimama kwenye maji baridi. Alisema anajua Mavura yuko mgongoni, na anajua bibi akisikia atashuka, na nani atamlaumu.

"Usimwambie, mwanangu. Nakuomba. Aliyekufa hafi tena, lakini binti yangu yumo katika uchungu. Mtoto akitoka utamwambia."

Sauti ikakatika. Mavura alimwona Namkunda akikuna kifua mahali ushanga mmoja wa kijani ulipowaka.

Mzee Mshighati alikuwa Irindi, na yeye Mavura alikuwa hapa. Fundi anapokuwa karibu na Daraja, sauti zake zote humjia kupitia shanga za Daraja. Kwa hiyo hata neno lile, usimwambie, lilikuwa limepita kifuani mwa mwanamke huyu, likala joto lake, joto la moto aliouchochea kwa ajili ya Nanzia.

Angeweza kungoja. Hilo ndilo lililomuumiza: halikuwa wazo la mpumbavu. Pengine mtoto angetoka baada ya muda mfupi, naye angemwambia bibi kwa upole, na mambo yote yangekwenda vizuri. Kila mtu angemsifu kwa busara yake. Lakini wakati huo wote bibi angekaa hapa akiulizia habari za mdogo wake, na yeye angekuwa akimjibu. Kijiji kizima kilikuwa kinajua. Watoto wa shule walikuwa wanajua. Asiyejua alikuwa mmoja tu duniani.

Alifikiri pia juu ya Nanzia, akamwona wazi, kwa kuwa walisoma darasa moja na alikuwa na mazoea ya kutafuna ncha ya kanga yake. Akikosea, atamuua.

"Mume wangu," Namkunda alisema polepole. "Nimekuuliza."

Mavura alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono.

"Bibi, Nakijwa ametangulia."

Moto ulitoa cheche, zikazimika. Namkunda hakupiga kelele. Alitazama kifua chake.

"Habari imepita hapa?"

"Imepita."

"Nimeibeba mimi."

"Umeibeba wewe, bibi."

"Wamesema niambiwe?"

"Wamesema usiambiwe mpaka mtoto wa Nanzia atoke."

"Na hilo limepita hapa?"

"Na hilo limepita."

Bibi alicheka, kicheko kikavu kama cha shanga zenyewe. Kisha akainuka, akachukua fimbo, akatoka nje. Mavura alimfuata. Mikono yake ilitaka kumkamata blanketi, akaikunja nyuma ya mgongo. Namkunda alitembea ndani ya ukungu kwa miguu iliyoijua kila changarawe, akafika kwenye jiwe la ukingoni, mahali ilipofungwa kanga nyekundu. Ng'ambo ya jiwe njia ilianza kuteremka kwenda Mzambwe.

Akasimama.

Alisimama akiwa ameegemea jiwe, pua ikichuruzika, asilipite. Hakueleza kwa nini, na Mavura hakuthubutu kuuliza. Alikuwa bado ndani ya eneo. Lakini sauti ya muuguzi ilikuwa imeanza kukatika sikioni. "Daktari, narudia, kitovu... shingoni, nasema kime... mko hapo? Mko..."

Mavura aligusa mkono wa bibi. Ulikuwa baridi kama wa mtu aliyetoka kufua mtoni. Akamgusa shavu, nalo vilevile. Hili wahandisi hawakulipigia hesabu. Walipima homa na njaa na uzee, hawakupima namna habari moja inavyoweza kuufukuza moto wote kutoka katika mwili wa mtu, ukabaki umesimama tu kama nyumba iliyohamwa. Shanga zilikuwa zikilia moja moja, kwa mbali.

Alivua koti akamvika. Akamfikicha mabega. Haikusaidia, kwani joto hilo lilikuwa la juu juu, na shanga hula la ndani.

"Kitovu kimemzunguka mtoto shingoni," Mavura alimwambia. Hakuongeza ombi. "Daktari anamwelekeza namna ya kukivua, lakini muuguzi hasikii."

Namkunda alifumba macho.

"Niletee cha baba," alisema.

Alikimbia, akajikwaa, akarudi na baragumu likiwa limemjaza masizi kifuani. Bibi alilipangusa mdomo kwa ncha ya kanga. Pumzi ya kwanza ilitoka hewa tupu. Ya pili ikatoka kama ndama mgonjwa. Akatema mate pembeni, akapanua miguu, akavuta hewa mpaka blanketi likamdondoka.

Ya tatu ilipasua ukungu.

Mlio mrefu. Mlio mrefu tena. Kisha mmoja uliokatwa katikati, ghafla, bila kumalizwa. Hiyo ndiyo mbiu ya msiba. Mavura alikuwa hajapata kuisikia maishani mwake, ila nywele za mikono zilimsimama, kana kwamba ngozi yake iliijua kabla yeye hajazaliwa. Namkunda alirudia, uso ukawa mwekundu wa damu, jasho likamtoka kwenye paji, machozi yakachanganyika nalo, na kila alipopuliza kifua kilipanda na kushuka kama mivuo ya mhunzi. Shanga zikaamka. Zikalia. Zikalia zote.

"...kiinue juu ya kichwa, polepole," sauti ya daktari ilisema sikioni mwa Mavura, safi kabisa. "Kama unavyovua mkufu. Hivyo hivyo."

Na katika mkondo mwingine, kutoka Mzambwe, mzee fulani asiyejulikana alisema kwa mshangao kwamba huyo ni Namkunda, anapuliza kama baba yake. Amejua. Mwiteni kijana wa matangazo awaambie watu: mwili usioshwe, dada yake yu njiani.

*

Mtoto alilia muda mrefu, kwa hasira, na Mavura alichomoa kile kipande cha sikioni akakiweka kwenye sikio la bibi. Kilio hicho kilikuwa kitu cha kwanza kilichopita kifuani mwake akakisikia. Alikisikiliza kichwa kikiwa kimeinama, kisha akamrudishia Mavura kipande chake.

"Ana pumzi," alisema. "Angefaa kwa baragumu."

Ushanga mwekundu ulipopoa, Namkunda alitafuta kifungo, akakifungua mwenyewe, akazivua zile nyuzi moja baada ya nyingine. Shingo yake ilikuwa na alama, kama ya ng'ombe aliyevutishwa jembe. Mavura aliinamisha kichwa akavikwa. Zilikuwa bado za moto. Wakati huo Mzee Mshighati alikuwa akimshukuru sikioni, akilia, akisema kwamba Mungu ambariki yeye na bibi na... Sauti ikakatwa hapo. Shanga hazikumjua bado mtu huyu mpya. Zilinyamaza, na vijiji viwili vikaacha kusikilizana.

Kimya kilikuwa kikubwa mno. Mavura alikuwa mtu wa kusema. Tangu utotoni alikuwa akisema ili ajue yupo. Sasa alielewa kwamba jua likifika utosini maneno ya wote yatampita yeye, na yake hayatakwenda popote. Akajiuliza atavumilia vipi hata hadi kesho.

"Nikimaliza matanga nitarudi kukutazama," Namkunda alisema, akijifunga kanga nyekundu kiunoni. "Nitakuuliza nani amekutaja. Nitakuona utakavyonidanganya."

Alimkabidhi baragumu. Akashika fimbo, akalipita jiwe, na ukungu ukammeza kuanzia miguuni. Zilibaki sauti za fimbo juu ya mawe, tok, tok, zikiteremka. Kisha zikasimama.

"Mavura." Hakupata kumwita kwa jina kabla ya hapo. "Nikifa mimi, usiniache nipite kifuani kwa mtu asiyenisikia."

Mavura alilitazama baragumu mikononi mwake. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hajui kulipuliza.

"Sema kwa nguvu," bibi akajibu kutoka chini, mahali asipoonekana. "Mimi sina shanga."

Kijana akapanda juu ya jiwe, akavuta hewa ya ukungu mpaka mbavu zikamuuma, akapaza sauti:

"Nitajifunza, bibi! Siku yako ikifika nitasimama hapa hapa, nikupulizie kwa pumzi yangu, wakusikie pande zote mbili!"